Siku Moja Ayutthaya: Namna ya Kulizuru Hekalu la Wafalme wa Siam

Watu wetu wanaijua Bangkok. Wenye vito hupeleka huko tanzanaiti na rubi, wenye maduka hufuata nguo, wagonjwa hufuata hospitali, na wengi hujikuta na siku moja isiyo na shughuli kabla ya ndege ya kurudi. Siku hiyo huishia madukani. Nawaandikia hao, pamoja na yeyote anayepanga safari ya kutembea tu: ipelekeni siku hiyo Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Siam, kilomita kama 80 kaskazini ya Bangkok. Na mkishafika, msihangaike kuyamaliza magofu yote. Yapo mengi mno, jua ni kali, na anayezunguka mahekalu sita kwa siku moja, ikifika jioni hakumbuki lipi lilikuwa lipi. Chagueni moja mlitazame hasa. Mimi ningechagua Wat Phra Si Sanphet, hekalu la wafalme, na sehemu kubwa ya ushauri huu ni wa namna ya kulitazama.

Ayutthaya ilikuwa makao ya wafalme wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, tangu 1351 hadi 1767. Mji ulikaa juu ya kisiwa kilichozungukwa na maji ya mito mitatu, Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi, na vyombo vya biashara viliweza kupanda kutoka baharini hadi chini ya kuta zake. Mwaka 1991 UNESCO iliyaingiza magofu yake katika orodha ya urithi wa dunia.

Kiwanja cha Wat Phra Si Sanphet kilikuwa cha ikulu ya kwanza. Mwaka 1448 mfalme Borommatrailokkanat, ambaye kwa kifupi huitwa Trailok, aliihamishia ikulu upande wa kaskazini, karibu zaidi na maji, na kiwanja cha zamani akakitoa kiwe cha ibada. Mwanawe, Ramathibodi wa Pili, alijenga hapo mwaka 1492 minara miwili ya kuhifadhi majivu, mmoja wa baba yake na mmoja wa kaka yake. Mnara wa tatu ulijengwa na mwanawe aliyemrithi, kwa ajili ya majivu yake yeye Ramathibodi. Minara ya aina hii Wathai huiita chedi. Hizo tatu, zilizojipanga mstari mmoja kutoka mashariki hadi magharibi, ndizo utakazoziona kwenye kila kadi ya posta ya Ayutthaya.

Kwa kuwa hekalu lilikuwa ndani ya ikulu, halikuwa na watawa wanaokaa humo. Lilikuwa la mfalme, jamaa zake na sherehe za dola. Ukishapita Wat Phra Kaew, lile hekalu linalong'aa ndani ya ikulu ya Bangkok, utakuwa umeuona mfano hai: nalo limo ndani ya ikulu, nalo halina watawa, na lilijengwa kwa kuiga desturi hii ya Ayutthaya. Kama ratiba inaruhusu, lione hilo la Bangkok kwanza. Macho yakishazoea vigae vya rangi, dhahabu na mapaa yaliyopandiana, utaweza kuyarudishia magofu nguo zake.

Sasa maandalizi. Anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Thailand hukidai kwa wanaotoka nchi hizi. Viza iulizie ubalozini mapema. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Aprili joto hukaribia nyuzi 40, na kati ya matofali yaliyochemka kutwa hakuna pa kujificha. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni mvua, ambayo si lazima ikuzuie, ila Septemba na Oktoba sikiliza habari za mito kabla ya kuondoka. Mafuriko ya 2011 yaliufunika mji huu, mahekalu yakasimama ndani ya maji.

Kwa usafiri, panda treni. Treni za kawaida huondoka stesheni kongwe ya Hua Lamphong, za masafa marefu huondoka stesheni kubwa mpya ya Krung Thep Aphiwat, na zinazoelekea kaskazini na kaskazini mashariki hupita Ayutthaya. Daraja la tatu katika treni ya kawaida nauli yake haifiki baht 50, madirisha yanafunguliwa, wachuuzi hupita na vyakula, na utaona viti vilivyotengwa kwa ajili ya watawa, hivyo usivikalie. Safari ni ya saa moja na nusu hadi mbili. Panda ile ya alfajiri. Hekalu hufunguliwa asubuhi, na ukiwa langoni mwendo wa saa mbili au saa mbili na nusu utakuwa umeyatangulia mabasi ya watalii kutoka Bangkok, na jua litakuwa bado lina huruma.

Stesheni iko ng'ambo ya mto Pa Sak. Shuka, vuka barabara, fuata kichochoro mpaka mtoni, uvushwe kwa mashua kwa senti chache. Ukifika upande wa kisiwa utakuta baiskeli za kukodi na tuktuk za Ayutthaya, ambazo zina pua ya mviringo na hazifanani na za Bangkok. Baiskeli inafaa miezi ya baridi kwa sababu kisiwa ni tambarare. Miezi ya joto kodi tuktuk kwa saa, na mpatane bei na saa kabla hujapanda. Dereva atakuonyesha karatasi yenye picha za mahekalu sita au saba. Mwambie mawili au matatu yanatosha, na kwamba la kwanza ni Wat Phra Si Sanphet.

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza shida hiyo, na jua likipanda inageuka mtandio. Viatu viwe vya kutembelea juu ya matofali yasiyo sawa, ila viwe rahisi kuvua, maana kuna jengo jirani utakaloingia miguu mitupu. Beba maji, kofia, na noti ndogo za kulipia tiketi. Tiketi ya pamoja ya mahekalu kadhaa ipo, lakini kwa anayefuata ushauri huu haina faida.

Tumefika. Wageni wengi wakiingia hufululiza hadi kwenye chedi tatu, hupiga picha, na baada ya robo saa wamo njiani kutoka. Wameona kilichobaki bila kujua kilichokuwepo. Wewe ziache chedi kwanza. Zunguka mpaka mwisho wa upande wa mashariki, kisha geuka utazame magharibi. Jua la asubuhi litakuwa mgongoni mwako, na hekalu lote litakuwa mbele yako kwa mpangilio uliokusudiwa na waliolijenga: kwanza ukumbi mkuu wa ibada, kisha chedi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Ukumbi huo ulijengwa mwaka 1499. Leo umebaki jukwaa la matofali, vipande vya kuta na visiki vya nguzo. Ingia pale panaporuhusiwa, tembea kati ya safu za nguzo, tazama unene wake. Nguzo nene namna hii haziwekwi kubeba paa la chini. Endelea mpaka ufike ndani, upande wa magharibi, usimame.

Hapo ndipo ilipokuwa Phra Si Sanphet, sanamu iliyolipa hekalu jina lake. Mwaka 1500 Ramathibodi wa Pili aliamuru isubiwe sanamu ya Budha aliyesimama wima, urefu wake mita 16, ikavikwa dhahabu, na mwaka 1503 ikazinduliwa. Mita 16 ni kimo cha nyumba ya ghorofa tano. Sanamu ilikuwa ndani, chini ya paa, katika mwanga hafifu, na aliyeingia kwa mlango wa mashariki aliiona ikipanda mbele yake hadi shingo yake mwenyewe ikauma. Inua uso uihesabu hewani ghorofa kwa ghorofa. Miaka miwili baada ya uzinduzi ule, mwaka 1505, Wareno waliishambulia Kilwa. Inafaa kukumbuka kwamba wakati ikulu ya Husuni Kubwa, huko huko Kilwa, ilikuwa tayari gofu, huku bado walikuwa katika kupanda.

Kaa hapo muda wa kutosha. Hapana kitu cha kupiga picha, kwa hiyo vikundi vya watalii vitakupita bila kukusumbua. Kwangu mimi sehemu hii tupu ndiyo moyo wa ziara nzima, na anayeipita haraka amelipa kiingilio cha kuona minara tu.

Ukimaliza, sasa ziendee chedi. Umbo lake ni la kengele, lililotokana na mapokeo ya Sri Lanka, kisiwa ambacho Wabudha wa Siam walikiheshimu sana kwa elimu ya dini. Anza chini upande na macho. Kila moja ina vibaraza vinne vyenye milango, kimoja kila upande, na juu ya vibaraza kuna chedi ndogo. Juu ya kengele utaona shingo iliyozungukwa na vinguzo, kisha pete zinazopungua ukubwa hadi kwenye ncha. Kati ya chedi na chedi kulikuwa na majengo ya mraba, ambayo yamebaki misingi. Kuzunguka kote zimetapakaa chedi ndogo, za majivu ya jamaa za kifalme. Nyingine zimeinama, kwa sababu udongo wa kisiwa ni laini na maji hayako mbali.

Sogea karibu na ukuta wowote ulichunguze tofali. Ni jembamba kuliko la kwetu, na lilikuwa halionekani kabisa: juu yake palikuwa na lipu ya chokaa, na juu ya lipu palikuwa na nakshi. Tafuta mabaki ya lipu hiyo pembeni, chini ya vipenu, mahali ambapo mvua haifiki. Utapata ukingo wa ua la lotasi au mkunjo wa vazi la sanamu. Wekundu unaouona leo, ambao ndio unaopendeza kwenye picha, wenyewe wa zamani hawakuujua. Hekalu lao lilikuwa jeupe na la dhahabu.

Usipande juu ya chedi, hata kama huoni mlinzi na hata kama kuna ngazi inayokuita. Ni makaburi ya wafalme. Usikae juu ya misingi midogo, usirushe droni bila kibali, na usisimame nyuma ya sanamu iliyokatwa kichwa ukaweka chako ili upigwe picha. Ukikaa mbele ya sanamu, usiielekezee nyayo za miguu. Mwanamke asimguse mtawa. Akitaka kumpa kitu, akiweke mbele yake. Na habari za familia ya kifalme usizifanyie mzaha mahali popote Thailand, kwa sauti au kwa simu: sheria ya kumtusi mfalme ina kifungo cha hadi miaka 15 na hutumika kweli.

Msomaji Mwislamu au Mkristo huenda akajiuliza kama kuingia humu ni kushiriki ibada. Hutaombwa kuinama, kuwasha udi wala kutoa sadaka. Hijabu na kofia ya kiua havitamshangaza mtu, maana Waislamu wamekaa Ayutthaya karne nyingi. Kinachotakiwa ni adabu ile ile unayoitaka kwa mgeni aingiaye msikitini au kanisani kwenu.

Mwongozaji akikueleza kwamba Waburma waliharibu kila kitu, mkubalie nusu. Ni kweli kwamba jeshi la Burma liliuteka mji Aprili 1767 baada ya kuuzingira kwa muda mrefu, likauchoma, na sanamu kubwa ikachomwa ili dhahabu yake iyeyuke. Lakini gofu unaloliona lina mikono mingi. Bangkok ilipoanzishwa mwaka 1782, matofali ya Ayutthaya yalipakiwa kwenye mashua yakateremshwa mtoni kujengea mji mpya. Wezi wa hazina wakachimba sakafu na kutoboa chedi kwa vizazi. Na vichwa vya Budha vilivyokosekana katika mahekalu ya mji huu, vingi vilikatwa baadaye sana na watu waliovipeleka sokoni. Karne ya 20 ndipo Idara ya Sanaa ya Thailand ilipoanza kuinua kilichoanguka, na baadhi ya kile unachokiona kimesimama wima kimejengwa upya.

Ukitoka, jengo jirani upande wa kusini ni Wihan Phra Mongkhon Bophit. Hapo vua viatu uingie. Ndani kuna sanamu kubwa ya shaba ya Budha aliyeketi, miongoni mwa kubwa kabisa za aina hiyo nchini, na watu wanaiabudu kweli, kwa hiyo sauti iwe chini. Paa lilikuwa limeanguka, na jengo likarejeshwa miaka ya 1950, kwa msaada pia wa mchango wa waziri mkuu wa Burma wa wakati huo, U Nu. Mwongozaji akikusimulia habari za Waburma, mkumbushe na hilo. Kwa jicho lako, faida ya jengo hili ni kubwa: ni ukumbi mrefu, wenye paa, wenye sanamu inayojaza upande wa ndani. Sasa unajua ulichokuwa unakihesabu hewani saa moja iliyopita.

Upande wa kaskazini wa hekalu kuna kiwanja cha ikulu, ambacho ni misingi na majani. Kipite tu. Lakini ng'ambo ya mfereji, mkabala na ikulu, kuna Wat Na Phra Men, lililonusurika 1767. Ndani kuna sanamu ya Budha aliyevaa taji na mapambo ya kifalme, na katika jengo dogo pembeni kuna nyingine ya jiwe, ya kale zaidi kuliko Ayutthaya yenyewe, iliyoketi miguu ikining'inia kama mtu aliye kitini. Hili ndilo la pili katika orodha yangu. Mabasi mengi hayaendi, na nguzo, dari na mlango wake vitakuonyesha kwa macho kazi ya mafundi wa Ayutthaya.

La tatu, kama bado una nguvu, liwe Makumbusho ya Taifa ya Chao Sam Phraya badala ya gofu jingine. Yalifunguliwa mwaka 1961 na yana dhahabu iliyotoka katika chumba cha chini cha Wat Ratchaburana, hekalu lililojengwa 1424 mahali walipochomwa ndugu wawili wa mfalme waliouana wakigombea kiti, kila mmoja juu ya tembo wake. Wezi walikifikia chumba hicho katika miaka ya 1950, na kilichookolewa ndicho kilichowekwa hapa. Makumbusho ya taifa huwa na siku za kufungwa mwanzoni mwa wiki, hivyo Jumatatu au Jumanne uliza kabla hujaenda. Kichwa cha Budha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, ambacho kila mtu atakuuliza kama ulikiona, kiko Wat Mahathat. Ukikipitia, chuchumaa unapopiga picha pamoja nacho, kichwa chako kisizidi kile. Kupanda tembo sikushauri. Tembo anayebebeshwa watu juani kutwa nzima hana starehe, na mji utauona vizuri zaidi kwa miguu yako.

Chakula si tatizo. Kitamu cha mji ni roti sai mai, chapati nyembamba sana ya kuviringishia nyuzi za sukari, na wanaojulikana kwa kuitengeneza ni familia za Waislamu wa hapa. Nunua mfuko mmoja, ukunje mwenyewe. Uislamu wa Ayutthaya una mizizi mirefu: mapema karne ya 17 alifika Sheikh Ahmad kutoka Qom, Uajemi, mfanyabiashara aliyepanda hadi kuwa miongoni mwa wakubwa wa dola ya Siam, na kaburi lake liko mjini humu. Na sisi hatukuwa mbali na mtandao huo wa bahari. Mreno Tomé Pires, aliyeandika habari za bandari ya Malacca kati ya 1512 na 1515, anawataja watu wa Kilwa na Malindi kati ya waliofanya biashara pale, na katika orodha hiyo hiyo anawataja watu wa Siam. Yawezekana kabisa kwamba nahodha wa pwani yetu alikaa baraza moja na mtu aliyekuwa ameiona sanamu ile ya mita 16 ikiwa bado na dhahabu yake.

Rudi Bangkok kabla giza halijaingia, na kesho yake, kama ndege ni ya jioni, nenda Wat Pho. Watu huenda kumwona Budha aliyelala, nawe mwone, lakini usitoke bila kwenda kwenye chedi nne kubwa zilizopambwa kwa vigae. Ile ya kijani ilijengwa na Rama wa Kwanza, mfalme aliyeanzisha Bangkok. Kiini cha shaba cha Phra Si Sanphet kilikuwa kimebaki kwenye magofu kikiwa kimeharibika kiasi cha kutorekebishika, naye akakileta mjini na kukijengea chedi hiyo juu yake. Sanamu uliyoitafuta hewani Ayutthaya imo humo ndani.

Neno la mwisho ni la wanunuzi. Kutoa sanamu ya Budha nje ya Thailand kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, iwe ya kale au mpya. Muuzaji anayejua kazi yake atakueleza utaratibu na mara nyingine atakufuatilia. Anayekunong'oneza kwamba ana kichwa cha kale kabisa, kidogo, kinachoingia kwenye begi bila shida, ama anakuuzia kilichofinyangwa mwezi uliopita ama anakuuzia kitu kilichokatwa kutoka mwilini mwa sanamu kama zile ulizoziona. Usikiguse, usiulize bei, toka dukani.